Nilichomeka Kisanduku, Nathalie Akafunga Mlango

Senga Goreti, shangazi wetu wa mashauri, nakusalimia mu jina la Yesu, mimi Perpétue, fundi wa kushona hapa Kashojwa, mu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nisaidie mama juu roho yangu haina amani, hata cherehani imenishinda. Tuko na modemu moja ya intaneti, inakaa mu nyumba yangu juu ni mimi niko na sola, lakini tuliinunua sisi nyumba saba kwa kuchanga, basi mangaribi bajirani banakuja kukaa kwa ukuta wangu na simu zao, banaongea na ndugu waliobaki Fizi na Uvira, kule Congo, kicheko mingi, machozi mingi. Sasa akafika mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Mbarara, Wasswa, kijana wa heshima, anatafuta watu wa kujitolea bachomeke kisanduku kidogo kwa intaneti yao ya nyumbani, kipime kama inaenda mbio ao inalala, ili utafiti uonyeshe namna tunateseka, na mimi nikafurahi sana, nani alishaniomba mimi kitu cha masomo, nikakubali pale pale, nikakichomeka.

Jirani yangu Nathalie akaona taa ya kile kisanduku, akauliza kinafanya nini, nikasema kinapima intaneti, akauliza, "Na sisi, kinatupima?" nikacheka tu, na tangu siku ile hajarudi kwa ukuta. Bwana yake Grégoire alibaki kule, anajificha, anapanda mulima kutafuta fasi yenye mtandao ili amuite kwa simu, na Nathalie anaogopa kisanduku kitasema ule mulima uko wapi. Juzi Grégoire akaniita mimi: "Dada, bibi yangu iko muzima?" Nikakimbia na simu kwa Nathalie, akafunga mlango! Semahoro, bwana yangu, anasema nikiache kikae, nyumba ni yetu. Wasswa anasema kisanduku hakisikilize mutu. Nikikitoa, si batasema kweli nilikuwa mpelelezi?

SENGA GORETI ANAJIBU:

Pole, Perpétue mwanangu. Sasa nikugombeze kidogo.

Nyumba ni yenu, sawa, habishi mtu. Lakini intaneti ni ya nyumba saba, na wewe ulijibu peke yako. Kujitolea ni mtu ajitolee mwenyewe, hamtoi jirani yake! Na Nathalie alipokuuliza swali la maana, ukacheka. Ai, mama! Mimi ni mke wa askari, nimekaa miaka kwenye kambi ya jeshi hapa Mbarara nikingoja simu. Isipoita, siku hiyo unakaa umeishika mpaka usiku.

Huenda Wasswa anasema kweli. Lakini Nathalie hajui, na wewe pia hujui. Basi kichomoe leo, mchana, majirani wakiangalia. Watakaosema mpelelezi, waache waseme. Mpigie Wasswa aje akae mkekani na nyumba zote saba, aeleze kisanduku kinatuma nini na nani anasoma. Asipotaka kuja, achukue mali yake. Akija, Nathalie aulize wa kwanza. Nathalie akikataa, basi, kisirudi, na usimnunie. Kijana atafute nyumba nyingine.

Hayo ya mkutano yatangoja. Ukishakichomoa, nenda kwa Nathalie nacho mkononi, kimezimika. Usijitetee. Simama nje ya mlango umwambie, "Grégoire aliuliza kama uko mzima." Akitoka, mpe nafasi ukutani, karibu kabisa na modemu, na ukae naye mpaka simu iite.