Betri ya Kwaya Ina Homa

Sixbert, nimeaibika hapa Liuli mbele ya kwaya nzima.

Saa tisa tunaimba kwenye harusi ya Jastin, na betri ya spika imegoma kuchaji. Taa nyekundu ya chaja ilikuwa ikiwaka na kuzima. Nikatangaza kwamba chaja ni feki, twende Mbinga tukanunue nyingine.

Eunice, yule muuguzi wa sauti ya kwanza, akaigusa betri. "Mwalimu, hii ina homa."

HOMA. Nikamjibu kwamba mbu hawaumi betri.

"Nani aliianika juani?"

Ni mimi, Sixbert. Niliianika kwenye kichanja cha kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani, kama tulivyoanika betri za redio utotoni ili zipate nguvu.

"Chaja hii ina chipu inayopima joto, Mwalimu. Betri ikichemka, chipu inakata umeme. Ikipoa, inaendelea."

Tumeihamishia kivulini. Taa imetulia, inachaji. Nikasema huenda ni bahati tu. Kwaya ikaangua kicheko.

Eunice ameagiza nisiondoke mpaka mgonjwa ashibe. Kwa hiyo usinipigie simu: mkono mmoja unaandika, mwingine unapepea betri.