Bega la Mjomba

Magomeni, Mtwara

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeshaota moto na kunywa chai, maana ukiwa na baridi husomi kitu mpaka mwisho. Mimi ni mzima, isipokuwa joto. Huku joto halina likizo. Shati ninalovaa asubuhi, ikifika saa nne ni kama limetoka kufuliwa. Viazi vimestawi? Ng'ombe yule mwekundu ameshazaa? Na Mama, kikohozi kimemwachia?

Naandika kwa sababu simu imeshindikana. Kila nikifika kwenye neno bega, unampa Mama simu na kusema mtandao wa Njombe siku hizi mbovu. Barua haina mtandao, na ukitaka kuikatisha itabidi uichane Mama akiona. Ameniambia kwamba mkono wa kulia haupandi tena, kwamba koti unavalishwa, na kwamba kanisani watu wakikupa mkono unawapungia kichwa kama mkuu wa wilaya. Sitabishana nawe. Nitakupa tu habari za kazini, mwenyewe utajua pa kuziweka.

Unakumbuka ulichosema siku nilipokuonyesha kituo nilichopangiwa: "Nimesomesha mtoto ili aende Mtwara kukanda watu." Nyumba nzima ikacheka, na tangu hapo Shangazi huniita Mkandaji. Sawa, ni kweli ninakanda. Sindano sina, vidonge sitoi. Nina kitanda, mto, mafuta kidogo na mikono hii uliyonipa. Wanaokuja ni wabeba mizigo wa bandarini wenye viuno, madereva wa bajaji wenye shingo, na akina mama ambao msimu wa korosho huinama tangu asubuhi wakiokota, jioni mgongo unakataa kunyooka. Wengi hushangaa kuondoka mikono mitupu. Mmoja aliniuliza kwa upole kama dawa zimekwisha.

Sasa, mikorosho ilipokuwa ikipogolewa aliletwa mzee mmoja kutoka kijiji cha huko Nanyamba, Mzee Bakari. Nasema aliletwa kwa sababu aliyezungumza ni dada yake, Bi Somoe. Mzee mwenyewe alikaa akitazama feni. Kwa maelezo ya dada, alikuwa juu ya mkorosho akikata matawi, akaanguka, bega la kulia likachomoka. Kijijini wakalirudisha, wakaufunga mkono kwa kanga na kumwambia asiutikise. Akatii. Wagonjwa wengi hunisumbua kwa kutotii. Huyu alitii kupita kiasi. Kanga ilipokuja kufunguliwa, mkono ulikuwa umeshazoea makazi yake mapya kifuani.

"Nkono wake umegoma," Bi Somoe alisema. "Na Zuhura anatoka likizo hii."

Nikauliza Zuhura anatoka wapi. Walitazamana. Kisha Bi Somoe akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni njia ya kisimani.

Kwao, Baba, mtoto si wa ukoo wa baba kama kwetu. Ni wa mjomba. Katika ukoo huu msichana akimaliza kufundwa, siku ya kutoka mjomba wake mkubwa humbeba mabegani mbele ya watu, kutoka uani alikofundwa mpaka kwenye jamvi alikokaa mama yake. Zuhura ni binti wa Bi Somoe, na mjomba mkubwa ndiye Mzee Bakari. Yupo pia mjomba mdogo, dereva wa bodaboda mjini, mwenye mabega mapana, ambaye kila akiulizwa hali ya kaka yake hujibu kwamba yeye yuko tayari. Akimbeba huyo hakuna atakayegomba. Ila kuanzia hapo mambo ya posa, ya shamba na ya msiba yatapelekwa kwake, na Mzee Bakari atabaki kuamkiwa tu.

"Nsaidie, dokta," Mzee alisema. Ndiyo maneno pekee aliyosema siku ile.

Nikaanza naye. Namlaza chali, naweka kitambaa cha moto begani mpaka nyama zilegee, kisha naingiza mkono mmoja chini ya kiwiko chake, mwingine juu ya bega, na kuuvuta mfupa kidogo kutoka kwenye kikombe chake, nauachia, nauvuta tena. Kwa anayetazama mlangoni hakuna kinachoendelea. Kazi yenyewe ni kusubiri. Bega lina woga wake, ukilikurupusha linajifunga. Unasikia kwa vidole mahali linapokataa, unakaa hapo hapo, hulazimishi, na baada ya muda linakupa nafasi nyembamba ya kupita.

"Unauma, Mzee?"

"Hauumi."

"Na hapa?"

"Hauumi, dokta."

Huku vidole vyake vya miguu vimejikunja vyote. Wanaume wa rika lenu mna kinywa kimoja, ila vidole vya miguu hamjavifundisha kusema uongo. Nikaacha kumuuliza. Nikawa namfanyia kazi begani huku macho yangu yako miguuni, vikikunjuka naendelea, vikijikunja narudi nyuma. Siku moja Bi Somoe aliniuliza ninatafuta nini huko chini wakati ugonjwa uko juu.

Mkono ukaanza kupanda. Ukafika kifuani, ukafika kidevuni, na siku alipojikuna kisogo kwa mkono wake mwenyewe alirudia kujikuna ingawa naona hakuwashwa. Nilimwambia nyumbani awe anatembeza vidole ukutani kwenda juu. Akafanya, na nyumba yao ni ya udongo, imesilibwa vizuri kwa chokaa, kwa hiyo mkewe alileta malalamiko kwamba ninaharibu kuta zake. Nilifurahi sana. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nauandaa ule mkono uelekee juu, umnyanyue mtoto mpaka mabegani kama tunavyomrusha mtoto mchanga akicheka.

Kosa hilo lingenitia aibu kubwa kama Mzee asingeniuliza swali. Likizo ilikuwa imekaribia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Dokta, mbona kila siku unanipandisha nkono? Mwali habebwi kwa nkono."

"Anabebwaje?"

Akashuka kitandani, akachuchumaa sakafuni, akainamisha kichwa, akashika hewani miguu ya mtu asiyekuwepo na kuibana kifuani. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa, akashika meza yangu. Bega halikuwa na shida hapo hata kidogo. Magoti na mapaja, yaliyokaa kitako tangu alipoanguka, ndiyo yalikuwa yamekwisha. Na mkono ulihitaji kubana tu, si kupanda. Muda wote ule nilikuwa natibu safari ambayo hakuna aliyepanga kuisafiri. Sikuwa nimewahi kumwona mwali akitolewa, na haikunijia kuuliza.

Tukabadilisha kazi. Bi Somoe akaja na kiroba cha mchanga, akawa anamtwika kaka yake mabegani mwenyewe, kwa sababu alisema mimi namwekea kidogo. Mzee akawa anachuchumaa na kuinuka kwenye veranda, wagonjwa wengine wakihesabu kwa sauti na kumtania kwamba atatoka yeye badala ya mwali. Usingizi wangu ulipungua siku zile. Niliogopa, Baba. Niliogopa kwamba atasimama mbele ya ukoo wake na kushindwa, na sababu iwe mimi.

Wakanialika. Nilipanda bodaboda Jumamosi na kufika na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Ngoma zilikuwa zimeshaanza, miavuli imefunguliwa, na mjomba mdogo amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amesimama hatua chache tu kutoka mahali pa tukio. Zuhura ni mtoto wa darasa la sita, mwembamba, lakini siku ile walikuwa wamemvisha kanga juu ya kanga mpaka akawa mzigo wa kweli. Mzee Bakari alichuchumaa. Wanawake wakamketisha mtoto mabegani. Akaibana miguu yake kifuani, akavuta pumzi, akainuka nusu.

Hapo akakwama. Ngoma ziliendelea, ila vigelegele vilikatika. Mjomba mdogo alivua kofia yake akampa mtu amshikie. Nilitazama miguu ya Mzee kwenye vumbi: vidole vimejikunja vyote.

Sijui nani alinipa ruhusa. Nilipita kati ya watu, nikapiga goti ubavuni kwake, nikaweka kiganja chini ya kiwiko chake cha kulia, pale pale ninapokishika kila siku kitandani. Sikusukuma. Niliweka mkono tu, nikasubiri, kama kawaida yetu. Vidole vikakunjuka kimoja kimoja. Akasimama.

"Usiutoe nkono," alisema bila kunitazama.

Sikuutoa. Nilitembea naye mpaka kwenye jamvi, mgeni aliyejaa vumbi katikati ya miavuli ya watu, na Bi Somoe alipompokea binti yake alilia na mimi nikalia. Jasho likanisaidia kuficha. Jioni, tukila wali, Mzee aliniambia, "Hukunyanyua kitu, dokta." Nikamjibu kwamba sikunyanyua. Akasema, "Nnajua. Ndiyo maana nimembeba mimi." Mjomba mdogo ndiye aliyenirudisha Magomeni usiku, na njia nzima alinieleza kuhusu kiuno chake.

Hizo ndizo habari za kazini.

Nitakuja Krismasi, nimeshapewa ruhusa. Mpaka hapo usikubali mtu aufunge huo mkono kwa kitambaa, hata akiwa fundi hodari kiasi gani. Mama akuwekee kitambaa cha moto kila jioni, kisha uinamie meza na kuuacha ukining'inia, uuchezeshe mbele na nyuma pole pole. Ukiona maumivu yamezidi, nenda hospitali ya mjini hapo, usinisubiri.

Mama mwambie soksi alizonifumia ninazitunza, ingawa huku wananicheka. Shangazi mpe pole ya mguu, na mwambie hata yeye nimemwekea zamu yake. Mdogo wangu wa mwisho aache kukuwashia redio ukiwa unasoma hii. Jirani yetu mwenye kinu nimemkumbuka, asinisahau kwa ulezi.

Nawe Baba, nikishuka kwenye basi usinipungie kichwa kama mgeni. Nipe mkono huo huo unaouma na uuache kwangu kidogo. Sitakuuliza kama unauma. Ninachokuomba ni kimoja tu: siku hiyo uje umevua gambuti.

Ni mimi mwanao mkandaji,

Osmundi