Hedifoni za Sokoni Kilosa

Dada Rehema, shikamoo.

Nimefika Mikumi salama. Kilosa nilinunua hedifoni kama ulivyonishauri, nipumzike na makelele ya safari. Siku hizi sokoni zimejaa za kila namna, si kama zamani. Muuzaji alinipeleka mlangoni pa mashine ya kusaga nizijaribu hapo hapo, unga ukiturukia. Zile mpya zinazong'aa zilipitisha ngurumo yote. Za mtumba, kubwa, zenye sponji nene, ndizo zilizoifanya mashine isikike kama iko mbali, kule Kimamba, na bei yake ni ya watu kama sisi.

Kwenye basi nikazivaa, nikaweka kaseti ya kwaya kwenye redio yangu ndogo ya mkononi. Raha tupu, mpaka mzee wa kiti cha nyuma aliponigusa bega, nikazivua, naye akasema kwa hasira: "Mama, binti anakuamkia!" Kumbe msichana niliyekaa naye alikuwa ameniamkia mara kadhaa, nami nimetazama dirishani tu. Nikaitikia haraka, lakini alishageuza uso, na hakunisemesha tena mpaka akashuka.

Unajua, dada, tangu nibaki peke yangu nyumbani, ni nani mwingine huniamkia?

Hapa gesti malori yananguruma kutwa nzima, na hedifoni ziko ndani ya begi. Nimekaa barazani masikio wazi, marahaba yangu iko mdomoni, watu wanapita tu.

Nakukumbuka sana. Waambie watoto waniandikie hata neno moja: shikamoo.

Mdogo wako,
Zawadi