Mwizi Wangu Anaomba Barua

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa maana mwenzio nimekwama, mimi ni fundi cherehani, nina duka na mafundi wanne, na miaka mitano iliyopita jamaa mmoja alivunja mlango akaiba cherehani ya marehemu mama yangu, akaiuza kama chuma chakavu, hatukuipata tena, akafungwa miaka mitatu na hukohuko jela akafundishwa kushona. Alipotoka alikuja kuniomba radhi, nikamwambia radhi baadaye, kwanza njoo ufanye kazi, watu wakanisifu kwa moyo mzuri, kumbe moyo wenyewe naujua mimi.

Nilimweka kwenye kufumua tu. Kila nguo iliyokosewa anafumua yeye, mshahara nampa sawa na wenzake, lakini cherehani hajaigusa miaka miwili sasa, nikimwona ameinama na kiwembe chake roho yangu inatulia, na akiniambia "Shikamoo, mama" naitikia nikiangalia pembeni. Sasa kiwanda cha sare kinataka kumchukua, kinadai barua yangu kuhusu ushonaji wake, ifike Ijumaa. Shemeji yangu anasema, "Andika ni mwizi, basi!" Binti yangu kaninunia, ati, "Mama, si alishafungwa huyo?" Nimechana barua tatu. Kusema kweli sitaki aondoke, bado sijamaliza naye. Niandike nini?

Fundi Mwenye Kinyongo

JIBU

Fundi, pole kwa cherehani ya mama. Hasira yako naielewa, ila umeniudhi. Hakimu alimpa miaka mitatu, akaimaliza. Wewe umemwongezea miwili, na hukumwambia inaisha lini. Hata jela mtu anajua tarehe yake ya kutoka!

Unasema hujamaliza naye. Utamaliza lini? Afumue mpaka azeeke, cherehani ile haitarudi. Jambo pekee jema lililotoka katika kisa hiki ni huo ujuzi wake, nawe umeufungia kabatini.

Shemeji mwambie anywe chai yake anyamaze. Kiwanda kinauliza ushonaji, na ushonaji wake hujawahi kuuona, ndiyo maana unachana karatasi. Kesho asubuhi mkalishe kwenye cherehani yako mwenyewe, siyo mbovu yoyote ya pembeni. Mpe kitambaa akushonee gauni, na usimsimamie kichwani. Likipinda, andika limepinda. Likikukaa vizuri, andika hivyo, weka sahihi, umkabidhi.

Na akikuamkia, mwangalie usoni. Alikuomba radhi miaka miwili iliyopita, ukamwambia baadaye. Bado anasubiri jibu.