Njia ya Glenwood Uliyoizungushia Jacobs

Baba Neema,

Salamu sina. Naandika wazi kwa sababu uliwaambia watu wa kanisa kwamba mimi ndiye niliyeharibu mtandao wetu wa intaneti.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ilikuwa Jumapili, saluni imefungwa. Ulichora pembetatu kwa kidole kwenye poda iliyomwagika kauntani: duka letu, yaani saluni hii hapa mjini, nyumba ya wanafunzi kule Glenwood, karakana ya kaka yako kule Jacobs. Router tatu, zote za OSPF, yaani utaratibu ambao kila moja inaziambia jirani zake njia inazozijua. "Kila njia iko na gharama," ulisema. "Router inajumlisha, inachukua ile ndogo. Haina huruma, haina shemeji." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilikupenda siku ile, na inaniudhi kwamba sijaisahau.

Kisha ukahamia Cape Town kwa yule mwanamke, ukaniachia mtandao wote.

Juzi Bi Zuhura, mwenye nyumba ya Glenwood, alinikuta nikisuka. "Wanafunzi wangu video wanaona, lakini kazi za chuo hawawezi kutuma. Ijumaa naleta fundi mwingine." Malipo ya intaneti ya nyumba hiyo ndiyo yanayomlipia Neema shule. Nikakupigia.

"Antena ya Glenwood ilishakufa. Ununue ingine."

"Lakini nikipima toka hapa dukani, njia inaenda moja kwa moja."

"Eish, mama Neema! Wewe suka nywele, router achia wanaume."

Nikakuamini. Nikatafuta mtu wa kununua mashine zangu mbili za kukaushia nywele, ili nipate antena. Alikuja, akazigeuza geuza kama mbuzi wa mnadani, akaahidi kuzifuata kesho yake.

Kesho yake hiyo asubuhi, kabla hajaja, nilipanda taxi hadi Glenwood kuitazama maiti yako. Antena ilikuwa nzima kabisa. Nikapima njia nikiwa upande ule, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kutoka dukani kwenda Glenwood data ilinyooka. Kutoka Glenwood kuja dukani ilizungukia Jacobs, kwenye kile kiungo chembamba cha kaka yako kinachopitisha data kidogo; ndiyo maana video zilifika, kazi za chuo zikakwama. Gharama ya njia ya moja kwa moja ilikuwa imepandishwa kwa mkono, upande wa Glenwood tu. Huo ni mkono wako. Hakuna mwingine aliyewahi kuigusa router ile.

Niliishusha gharama hiyo. Wanafunzi wakatuma kazi zao papo hapo. Mnunuzi nikamwambia asije, na Bi Zuhura amebaki.

Jioni nilikupigia tena.

"Ah, hiyo? Niliipandisha wakati antena inatengenezwa."

"Kwa hiyo juzi ulikuwa unajua?"

Ukacheka. "Nilitaka nione utafika wapi bila mimi."

Sasa sikiliza. Simu ilikuwa kwenye spika, na Neema alikuwa amekaa pembeni yangu akila. Aliweka kijiko chini, akaondoka mezani. Router niliirekebisha kwa mstari mmoja. Mtoto, utamweleza mwenyewe, siku atakapokubali kupokea simu yako.

Kaa huko huko, wala usinijibu.

Aliyekuwa mke wako,
Mama Neema