Kiti cha Moto Ulichomletea Mama

Maguu, Mbinga,
14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Hamphrey,

Kwanza, kwa heshima, nawataja wanaokuzunguka: kaka Raimundi, mkubwa wetu huko Dar es Salaam, niliyemwomba asome barua hii kwa sauti; shangazi yako Albina; kisha wadogo zako wote waliofika kwako kwa Jumapili ya kula pamoja. Shikamoo kaka. Wengine, hamjambo? Watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenishikisha kalamu.

Mama yako Ottilia hawezi kuketi. Misa anaisikiliza akiwa ameegemea nguzo, na kahawa anaichambua amepiga magoti.

Ulipoiona picha yake amesimama kanisani, hukuuliza kwa nini haketi, ukahukumu ni uchafu. Uliandika kwenye kundi la ukoo: "Edina hamwoshi mama. Mtu wa ziwani amezoea kwenda mchangani, choo cha kisasa atakijulia wapi?" Edina huyo ni mke wa mdogo wako Erasmo, aliyeacha kwao Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, akaja kumtunza mama usiyemwona tangu Pasaka. Nilipomsomea, kwanza alicheka. "Baba, mimi nimekulia kwenye ziwa zima, yeye anajisifia kabomba?" Halafu akaingia jikoni, na siku hiyo maharage yaliungua.

Sasa sikiliza. Ulipoleta choo kile cha umeme, chenye kiti cha moto na kibomba cha kurusha maji, tulishangilia. Ukakifunga, ukaondoka, hukumfundisha mtumiaji chochote. Umeisahau baridi ya Juni huku kwetu? Nyumba nzima haikuwa na kiti kingine chenye joto. Mama akakigeuza mahali pa kuota moto. Kila asubuhi alijifungia humo na rozari yake, maji ya moto yakimpiga kwa nguvu ya mwisho. Ukigonga, anajibu: "Niacheni, bado niko tendo la tatu!"

Erasmo nami tulimpeleka kwa daktari. Hakuyalaumu maji, kunawa kidogo kwa maji ya uvuguvugu, alisema, ni jambo jema. Alilaumu nguvu, joto na muda. Ngozi ya mahali pale ina mafuta yake, na yakiondolewa kila siku, inakauka, inawasha, inachanika. Anayewashwa hudhani hajatakata, basi huosha tena, na kidonda kinazidi. Kule kukaa muda mrefu kumeichochea bawasiri. Tena mwili wake umezoea kusukumwa na maji, hata umeme ukikatika hapati choo.

Kwa hiyo mama yako ameumia kwa kuoshwa kupita kiasi, Hamphrey, na aliyemwosha ni zawadi yako. Wewe, msomi wa ukoo, ulimtupia uchafu mwanamke anayemkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, kama alivyoagiza daktari, anayemlisha papai na mboga za maboga. Juzi mama alipata choo bila umeme. Edina alipiga vigelegele uani kana kwamba pamezaliwa mtoto. Kiti chako nimekichomoa.

Ulilelewa kwenye sengu, baraza la ukoo la babu yako, tulipokula pamoja na kuamua pamoja. Aliyemtukana ndugu hakunawa mikono mpaka alirudishe neno lake. Wewe umenawa Jumapili ngapi?

Jana sengu ilikaa, nami natangaza uamuzi wake. Kaka Raimundi, chakula kisipakuliwe. Dada Albina, shikilia mwiko. Asinawe mtu yeyote mpaka Hamphrey amwombe Edina radhi kwenye kundi lile lile, kwa jina lake, mbele ya macho yale yale. Akikataa, inukeni nyote mkale kwa Raimundi, na asubuhi mtujulishe.

Mama anawasalimu wote, na Erasmo pia. Edina hakutuma salamu, nami sikumlazimisha.

Mungu aulainishe moyo wako kabla wali haujapoa.

Mimi ninayekupenda hata leo,
Baba yako mdogo,
Othmar