Paa la Nyumba ya Assia

Moroni, Februari 1999

Kaka Chamsidine,

Salamu zikufikie wewe na bibi yetu huko Mutsamudu, Nzwani. Sisi wazima. Saruji imeadimika, lakini nyumba ya arusi ya dada Assia imepata paa.

Nilitumia ile programu uliyonifundisha kabla kisiwa chenu hakijajitenga na Komoro. Kompyuta ya shule ilichora mnyororo unaoning'inia, nikaugeuza juu chini, nikapata umbo la tao jembamba linalosimama kwa saruji kidogo.

Jana wajomba walikuja kulitazama. Mjomba Attoumane akauliza, "Binti, nani kakufundisha haya?"

Fundi aliyelijenga akadakia, "Asiwe Mnzwani tu, paa lisije likajitenga na kuta!"

Wote walicheka. Baba, mzaliwa wa huko kwenu, alitazama chini. Nikajibu kwamba kompyuta ilipata umbo hilo yenyewe.

Kisha wakasoma Fatiha, wakamwombea kwa jina kila aliyesaidia, hata mwalimu aliyenifungulia chumba cha kompyuta. Jina lako halikutajwa. Nilitaka kulisema, kaka, nikashindwa. Nikaitikia amina pamoja nao.

Mdogo wako,
Zahira